Rukiah, Msoma Divai wa Kyebando

Rukiah binti Fadhul hajawahi kuonja divai maishani mwake na wala hatarajii kuionja, lakini pale Kyebando, Kampala, ukimwuliza Mama Bonny kama divai yake imeiva, atakujibu usubiri, Rukiah bado hajaitazama. Wageni hucheka. Mwanamke wa Kinubi, asiyekosa swala, mama wa Yasiin, mwalimu wa madrasa, eti ndiye mkaguzi wa divai! Wacha wacheke. Wenyeji waliacha kucheka zamani.

Kazi yake hasa ni ususi. Anasuka tabaga, zile sinia za ukindu wa rangi ambazo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula cha mgeni. Rangi huzichemsha mwenyewe nyuma ya jiko, na anazijua jinsi mtu anavyowajua watoto wa jirani: ipi imetulia, ipi ina papara, ipi inajipendekeza mbele ya wageni kisha inakimbia ikiona jua. Ukimpelekea ukindu uliotiwa rangi na wafanyabiashara wa sokoni, ataugeuza juani mara moja, atasonya, na kusema, "Huyu atakuaibisha." Na kweli, baada ya tabaga kuoshwa mara mbili utaaibika.

Mama Bonny, jina lake la kuzaliwa Adoch, ni Mwacholi na jirani yake. Waume zao walikuwa madereva wa malori ya jeshi, na wanawake hawa walijuana kwenye bomba la maji la kambi ya Mbuya, mmoja ana Kinubi chake, mwingine Kiacholi chake, wakakutana katikati kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojali sarufi ila kinafikisha ujumbe na matusi pia. Waume walipotangulia mbele ya haki, wajane wakahama kambi na kupanga nyumba mbili zinazopakana hapo Kyebando. Kati ya nyumba hizo hakuna ukuta. Kuna safu ya mimea ya karkade, ile yenye maua mekundu machachu, na hiyo ndiyo iliyokoleza undugu wao kuliko hata ujane. Adoch huchuma majani, akayapika kwa karanga za kusaga, mboga ambayo kwao huitwa malakwang. Rukiah huchuma maua, akayakausha na kuyachemsha yawe juisi. Mmoja anakula majani, mwingine anakunywa maua, na shina hakuna aliyewahi kuligombania.

Ni Adoch aliyeanza kuyafanya maua yale divai. Alijifunza kwa masista wa kanisani kwake, akaanza na nanasi, akafika kwenye karkade, na mkono wake ukakubali. Harusi, ubatizo, watu waliotoka Makindye na kuvuka jiji zima, wote walikuja kwa Mama Bonny. Divai ya karkade hupaka kila inachogusa. Ilimpaka kucha, ikampaka upawa, ikapaka vitambaa vyake vyote vya kuchujia, na mapipa yake mawili ya plastiki, yaliyonunuliwa meupe, yakawa na matumbo ya rangi ya ufizi.

Kisha ikaja ile homa iliyofungia dunia nzima majumbani. Adoch aliugua, akapona, lakini ulimi wake haukupona. Chumvi, sukari, pilipili, sabuni, vyote vikawa kitu kimoja. Akangoja mwezi, akangoja mwaka. Siku moja alimwita Rukiah, akafunga mlango, akalia kama mtoto aliyenyang'anywa chakula.

"Mama Yasiin, mimi napika kitu mimi mwenyewe siwezi onja. Watu wakijua, nani atanunua?"

Rukiah alitaka kumbembeleza. Ila glasi ya divai ilikuwa mezani mbele ya sahani nyeupe, jua limeipiga, na macho yake yaliyozoea rangi yakaiangalia bila kuambiwa.

"Huyu bado mtoto," akasema. "Angalia kwa ukingo. Nyekundu inakimbilia zambarau. Ana papara. Mwache alale kidogo."

Adoch akafuta machozi. Akamwacha mtoto alale, na walipoizindua divai ile baadaye wateja waliisifu mpaka wakarudi na ndugu zao. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao. Adoch anamimina, anashika glasi yeye, anaiinamisha mbele ya sahani nyeupe. Rukiah anatazama tu. Glasi haigusi, na harufu anaikwepa kwa kuziba pua na ncha ya mtandio. Adoch anauliza, "Huyu ako na tabia gani?" Na Rukiah anasoma.

Kwa kutazama tu alijifunza mengi. Kwamba ndani ya pipa kila divai ya karkade ni nyeusi, rangi yake ya kweli huijui mpaka iwe kidogo kwenye glasi, tena si katikati, bali pembeni kabisa inapokonda. Kwamba karkade ikizeeka hupungukiwa rangi, ikaingia uhudhurungi kama tofali, na nanasi likizeeka huzidi rangi, likatoka kwenye maji ya mchele kuja kwenye asali. Kwa hiyo wawili hao ukiwaacha siku nyingi mno watakaribiana sura kama mume na mke. Yenye ukungu ina siri, usiiamini haraka. Inayong'aa mpaka unaona alama za vidole upande wa pili, hiyo ni ya kweli, wape hata maaskofu. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi kwenye kinywaji ambacho mmoja hakuweza kukionja na mwingine hakuruhusiwa. Rangi ndiyo pekee iliyobaki kwa wote wawili, wakaishika kwa mikono minne.

Yasiin, mwanawe Rukiah, hakupendezwa. Si kijana mkorofi. Ni mwalimu, ana sauti ya upole, na Mama Bonny alimlea pia, alimkimbiza hospitali siku mama yake alipokuwa safarini. Lakini dini ni dini.

"Mama, kutazama ndio mwanzo wa mambo."

"Nimetazama moto tangu nizaliwe," Rukiah humjibu, "na sijaungua."

Ndivyo walivyokuwa mpaka ilipokaribia Maulidi ya mwaka uliopita. Wanawake wa msikitini walipewa kazi ya kutengeneza juisi ya karkade ya wageni wote, na masufuria yao yalikuwa machache. Rukiah, kwa kupenda sifa, akainua mkono na kusema yeye atapata pipa. Akamwendea jirani. Adoch akamwambia asubiri mpaka kesho, na kesho yake jioni akaja nalo mwenyewe amelibeba kichwani, pipa jeupe lenye kifuniko, akalitua mlangoni na kusema, "Kaa nayo, mpenzi. Ombeeni na sisi huko."

Rukiah alifurahi. Furaha ikadumu mpaka alipobaki peke yake na lile pipa.

Hapo moyo ukaanza kumcheza. Hili limelala divai, akajisemea. Na kinachoingia humu ni kinywaji cha sherehe ya Mtume. Akachota maji, akaosha kwa sabuni. Maji yakatoka safi kama yalivyoingia. Akaosha tena, yakatoka safi tena. Mtu mwingine angeridhika. Rukiah yeye hakuridhika, alizidi kuingia wasiwasi; akaona Mama Bonny amelisugua vile kwa sababu anajua mwenyewe lilivyo, na uchafu usioonekana ndio mbaya zaidi. Akakumbuka maneno ya bibi yake: chombo usichokijua kililala na nani, kitie magadi. Akaenda dukani akaleta magadi, akayavuruga kwenye maji ya moto, akamimina yote, na kwa vile roho bado haikutulia, akaenda kuleta mengine.

Yasiin akamkuta ameingiza mkono mpaka begani.

"Hilo si pipa la Mama Bonny?"

"Limeoshwa."

"Mama. Msikitini?"

Hakupaza sauti. Angepaza, Rukiah angepata la kumjibu. Yasiin aliketi kwenye kigoda, akamshika mama yake mkono uliolowa, akamwambia kwamba yeye binafsi hana neno, lakini kuna watu pale msikitini wanaomjua Mama Bonny na kazi yake, na mmoja tu akilitambua lile pipa, basi juisi yote itamwagwa mbele ya wageni na jina la mama yake pamoja nayo. Akaahidi kutafuta masufuria mahali pengine. Na kweli akayapata, na Maulidi yakapita vizuri. Pipa likabaki nyuma ya jiko na maji yake ya magadi ndani. Jua la Kampala likayanywa maji polepole, likabakisha magadi.

Sasa lirudishwe. Rukiah alilifuta nje, akalifunika, akalibeba mpaka upande wa pili wa karkade, na njia nzima alikuwa akitunga la kusema. Ukweli ulikuwa mfupi: mwanangu amelikataa pipa lako. Lakini hebu mtazame Adoch aliyetoka mlangoni akipangusa mikono, uso umechanua.

"Eh! Imewasaidia?"

"Sana," akasema Rukiah. "Juisi iliisha yote. Watu walisifu."

"Walikunywa yote? Kwa Maulidi?"

"Mpaka tone la mwisho."

"Bambi, asante. Wacha nioshe niweke."

"Usijisumbue. Nimeiosha mimi."

Hilo la mwisho peke yake ndilo lililokuwa kweli, na ndilo lililoharibu kila kitu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Ya Rukiah ilikuwa ndefu kidogo, kwa sababu divai huchukua muda wake kuiva.

Bonny, mtoto wa pekee wa Adoch, alikuwa akioa. Sherehe ingekuwa Makindye, kwenye bustani yenye mahema, na mama yake alikuwa amesema neno moja tangu siku ya utambulisho kwa wakwe: meza ya maharusi na meza ya wakwe watakunywa mkono wake, si chupa za dukani. Akaichemsha karkade, akaimimina kwenye lile pipa jeupe lililorudi kutoka kwa Rukiah, akalifunika, akaliacha kwenye chumba chake cha giza lifanye kazi yake. Siku chache kabla ya harusi akaita ng'ambo ya mimea.

"Mama Yasiin! Kuja uone mtu wetu!"

Rukiah akaja na tabaga aliyokuwa akisuka, akakaa barazani, akaziba pua kwa mtandio. Adoch akamimina, akainamisha glasi mbele ya sahani nyeupe.

Haikuwa nyekundu. Ilikuwa zambarau iliyofifia, ina ujivujivu pembeni, kama ngozi ya mtu aliyepigwa ngumi siku tatu zilizopita. Rukiah aliijua rangi ile. Alikuwa amewahi kuiona utotoni, jikoni kwa bibi yake, siku alipochota juisi ya karkade kwa kikombe kilichokuwa na magadi ya kunde akachapwa.

"Huyu ako na tabia gani?"

Rukiah akashika tena ukindu wake.

"Sema tu. Ako mgonjwa?"

"Mwanga mbaya," akasema Rukiah. "Jua limejificha. Nitaangalia kesho."

Jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia. Adoch aliliangalia jua, akamwangalia rafiki yake, akaitua glasi taratibu.

"Usinifiche. Hata mimi naona kidogo. Ni mkono yangu, si ndiyo? Ulimi ilikufa, sasa mkono nayo imefuata." Akakaa chini. "Sikia. Wewe kesho niambie. Ukisema iko sawa, nitapea wakwe, sitauliza mtu mwingine. Ukisema imeharibika, namwaga, na hii kazi naacha. Mimi sina ulimi, Mama Yasiin. Niko na macho yako tu."

Rukiah alirudi nyumbani. Akachemsha karkade kidogo, akaipoza kwenye bilauri, akatia magadi kwa ncha ya kijiko. Ikawa ile ile. Akakata ndimu, akakamua. Na mbele ya macho yake wekundu ukarudi, mzuri, unang'aa kama hakuna lililotokea. Akaonja, kwa sababu hii ilikuwa juisi tu. Ilikuwa na ladha ya sabuni iliyojuta.

Basi kumbe inawezekana. Shetani hakuhitaji kumwambia mara mbili. Aende na ndimu kesho, amwambie Adoch divai ina usingizi, inataka kuamshwa. Rangi itarudi, yeye atasema iko sawa, na Adoch atanyamaza kwa sababu hana ulimi wa kumbishia. Wakwe wataonja. Watakunja uso, lakini nani husema mbele ya mama wa bwana harusi? Watasema baadaye, njiani, na Adoch hatajua. Au atajua, lakini hatajua ni nani. Rukiah alijiona akiyapanga haya na akajichukia, na bado akawa anahesabu ndimu zilizobaki kapuni.

Yasiin aliingia akakuta bilauri mbili mezani, moja zambarau moja nyekundu, na mama yake analia. Akaambiwa yote. Rukiah alitarajia aseme, si nilikuambia? Badala yake akaigeuzageuza ile bilauri ya zambarau.

"Mimi nilisema pipa lisiende msikitini, Mama," akasema. "Sikusema umdanganye Mama Bonny."

Kuna maneno ya mtoto yanayomchapa mzazi kuliko fimbo, na haya yalikuwa ya namna hiyo. Rukiah alizirudisha ndimu jikoni.

Asubuhi alivuka mimea bila kungoja kuitwa. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: kwamba mkono wa Adoch haujafa, kwamba ni magadi, kwamba yeye ndiye aliyeyatia kuliosha pipa kwa sababu aliona limelala divai na ni najisi, kwamba Yasiin alilikataa, kwamba halikuingia msikitini hata kidogo, na kwamba hakuna aliyekunywa hata tone.

Adoch alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafungua chumba cha giza, akawasha taa.

"Kuja hapa."

Akayafunua mapipa mawili ya zamani yaliyokuwa matupu. Ndani yalikuwa ya rangi ya ufizi, mekundu chini, waridi juu, miaka yote ya divai imeandikwa humo. Kisha akafunua lile la tatu, akachota divai ya kijivu kwa upawa ili ukuta wa ndani uonekane. Juu ya mstari wa divai pipa lilikuwa jeupe kama sahani.

"Hii nilinunua soko ya Kalerwe siku ile ulikuja kuomba," akasema. "Mpya. Ndiyo maana nilikuambia ngoja kesho. Mimi si mtoto, Mama Yasiin. Miaka yote tumekaa pamoja, naweza kupa wewe drum ya wayini mpeleke kwa Mtume wenu?"

Rukiah alishika mlango.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Wewe ndiye unasoma rangi." Adoch akautua upawa. "Unasoma kila wayini yangu. Nilijua utafungua, utaona ndani nyeupe, utajua nimekununulia. Nilisema acha ajionee mwenyewe, atafurahi."

Maji yale yaliyotoka safi! Mara ya kwanza na mara ya pili, safi kama yalivyoingia, na yeye akaenda kutafuta magadi. Pipa halikuwa na kosa lolote la kuoshwa. Kilichohitaji magadi kilikuwa ndani ya kifua cha Rukiah, na huko hakuna mkono uliofika.

"Na uliporudisha," Adoch akaendelea, sasa analia waziwazi, "nikasema kumbe hakutaka kubaki nayo, sawa. Lakini uliniambia watu walikunywa yote kwa Maulidi. Nikasema hii drum imetoka kwa maombi ya watu. Basi wayini ya Bonny italala humo, mtoto apate baraka. Zile mbili zilikuwa tupu. Nilichagua hiyo kwa sababu yako."

Rukiah alitaka kumshika. Adoch akarudi nyuma hatua moja.

"Enda kwanza," akasema. "Enda nyumbani kwako, Mama Yasiin."

Katika miaka yao yote hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno hilo.

Divai ilimwagwa siku hiyo hiyo. Ogwal, kaka yake Adoch aliyekuja kwa ajili ya harusi, mtu ambaye haijulikani kama aliwahi kukataa kinywaji chochote, alionja kijiko kimoja ili kuthibitisha, akatema mpaka upande wa Rukiah wa uani. Rukiah aliliona pipa jeupe limepinduliwa juani. Upande wa chini lilikuwa limeshapata rangi ya divai. Chombo kilichonunuliwa kiwe chake, safi, sasa kilikuwa kimekuwa kile alichokishuku.

Hakulala vizuri, hakusuka. Alichuma maua. Aliyachuma yote ya msimu, upande wake wa mimea, kisha akaomba kwa majirani wa chini kuelekea barabara kubwa, akayachemsha kwenye sufuria lake mwenyewe la Idd, akayachuja mara tatu kwa kitambaa kipya, akatia tangawizi na sukari. Aliitazama rangi yake kwenye bilauri mbele ya ukuta mweupe. Ilikuwa nyekundu iliyotulia, bila ukungu, pembeni inang'aa. Kwa mara ya kwanza hakuthubutu kusema ina tabia gani.

Siku ya harusi alivaa gurbaba yake ya sherehe, lile vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, akaita gari la kukodi. Yasiin alilibeba sufuria. Mwalimu wa madrasa, na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, alilibeba sufuria la karkade tangu langoni mpaka kwenye mahema ya bustani ya Makindye, juisi ikimdondokea kifuani, watu wakigeuka kumtazama. Alilitua nyuma ya meza ya wakwe, akamwamkia Mama Bonny, "Shikamoo, Mama," akasimama pembeni.

Adoch alikuwa amevaa gauni la kijani na kilemba. Kwenye meza ya wakwe glasi za miguu mirefu zilikuwa zimepangwa tupu. Chupa za dukani hakuzikubali, kiburi chake kilikataa mpaka mwisho. Alimtazama Yasiin na kanzu yake iliyochafuka, akamtazama Rukiah.

"Si mkono wako," Rukiah akasema. "Ni mkono wangu. Lakini maua ni ya mimea yetu. Ukikataa nitabeba nirudi nayo, sitanuna."

"Utanuna," akasema Adoch.

"Nitanuna," Rukiah akakubali.

Adoch akachukua glasi moja. Akachota, akamimina hadi nusu, akaangalia huku na huku akitafuta sahani, akaona kitambaa cheupe cha meza kinatosha. Akaiinamisha glasi mbele yake. Wekundu ukaenea kwenye kitambaa kama jua la asubuhi kwenye zulia.

"Huyu ako na tabia gani?"

Rukiah hakutazama. Alinyoosha mkono, akaichukua ile glasi ya kunywea divai, ambayo hajawahi kushika mfano wake tangu desturi yao ianze, akasema bismillahi, akanywa. Adoch alimkazia macho.

"Inaanza na ukali," akasema Rukiah polepole. "Inakushika hapa, kwa mashavu. Unataka kuiacha. Halafu tangawizi inakuja nyuma, inakupasha moto. Halafu tamu. Tamu inachelewa, lakini ikija haitoki."

Adoch aliipokea glasi kutoka mkononi mwake, akanywa pale pale aliponywea mwenzake. Alifumba macho, kama wafanyavyo watu wanaoonja, ingawa kwake ilikuwa maji tu, yale yale ya miaka yote tangu ile homa. Akameza. Huko mbele watu wa muziki walikuwa wakijaribu vipaza sauti, na wakwe walikuwa wameanza kukaa.

"Sema tena," akasema, akanywa funda jingine. "Sema polepole."

Rukiah akasogea karibu na sikio lake, akaanza upya na ule ukali wa mashavuni.